Jani Moja Lisilotariziwa

Obisafed, 3 Oktoba 2001
Asubuhi: mawingu mepesi, baridi ya kuuma vidole, hakuna upepo.

Dada yangu Soro,

Nakusalimu, namsalimu na shemeji. Tilo dereva alinikabidhi barua yako jana, pamoja na zabibu kavu. Nimefurahi sana kwa habari ya uchumba wa binti yako Parvona. Mungu ampe nyumba yenye sauti za watoto.

Sasa nijibu ulichoniomba. Umeandika nikutolee suzani ya mama, kile kitambaa alichokutarizia cha harusi yako, niikunje, nimpe Tilo, kwa kuwa mwenye ufunguo wa ghala ni mimi. Dada, ni kweli ufunguo ninao, na ndiyo sababu siwezi. Kitu kikishaingia kwenye daftari la makumbusho na kupewa namba, hakitoki kwa kuwa mtunza ghala ana dada. Kikitoka hivyo mara moja, kesho kila mtu wa Obisafed atakuja kudai birika la babu yake.

Najua utasema mama hakutoa zawadi, aliweka amana. Nilikuwepo. Ule msimu wa njaa alikuwa ameshaibadilisha suzani yangu kwa gunia la unga, akaona mkono wake umeanza kuizoea njia ya sokoni. Yako akaipeleka makumbusho ili asiweze kuila. Lakini aliyekuwa mtunza ghala wakati ule aliandika "zawadi ya Hanifa, fundi wa kutarizi", kwa sababu daftari letu lina safu ya vilivyonunuliwa, ya vilivyotolewa na ya vilivyookotwa. Safu ya amana halina.

Kuna jambo jingine. Maji yameingia ghala la pili. Tuna suzani kumi na moja na makabati mawili yaliyo makavu. Mkurugenzi, Domullo Sharof, anaunda kamati ya kupunguza vitu. Nitakuarifu.

Mdogo wako,
Savri


Khujand, 14 Oktoba 2001

Savri mdogo wangu,

Nimesoma kwanza mawingu, kisha baridi, kisha upepo ambao haukuwepo, nikadhani wameniletea redio badala ya barua. Tangu shule ni wewe tu. Wenzako walikuwa wakiandika majina ya wavulana nyuma ya daftari, wewe ulikuwa ukiandika mvua.

Sikuombi kitu cha watu. Naomba kitu nilichoolewa nacho. Mama alikaa miaka mitatu juu ya kile kitambaa, na nilikuwa nikimtungia uzi kwenye sindano macho yake yalipochoka. Ningekuwa na watoto sita ningesema basi, iacheni ukutani, wageni waitazame. Ninaye Parvona tu. Wawili niliwazika, na wewe ulikuja ukakaa nami siku arobaini, hukuhitaji kuambiwa.

Nimemwahidi. Wakwe nao nimewaambia. Siku ya kumtoa nyumbani, wanawake wanne wataishika suzani ya bibi yake juu ya kichwa chake mpaka mlangoni kwa mumewe, kama walivyonishikia mimi. Nataka atoke chini ya lile jani ambalo mama hakulitarizi. Wewe unacheka mambo haya. Cheka, lakini nipe kitambaa.

Harusi ni mwishoni mwa Mei, njia ya mlimani ikishafunguka.

Dada yako,
Bibisoro


Obisafed, 26 Oktoba 2001
Asubuhi: mvua iliyochanganyika na theluji, ikakatika kabla ya chai.

Dada Soro,

Sicheki. Najua kona ile kuliko ninavyojua kiganja changu. Chini kushoto, kwenye pindo, majani yote yamejazwa hariri isipokuwa moja, ambalo limebaki mstari wa wino wa mchoraji. Hakuna mwanamke wa bonde hili anayemaliza suzani ya bintiye, na hakuna haja ya kunifundisha kwa nini. Binti hafungiwi maisha yake kwa fundo.

Kamati imekutana jana. Mimi si mjumbe, mimi huleta vitu na kuandika. Utaratibu ni huu: vilivyo pungufu na vilivyojirudia huondolewa kwanza. Huandikiwa makumbusho nyingine, kama zinavihitaji. Zikikataa, huuzwa hadharani, na fedha hutumika kununulia vitu vingine vya makumbusho, si makaa wala mishahara. Mfanyakazi hanunui, wala ndugu wa mfanyakazi. Utaratibu huo ni mzuri, Dada. Bila huo ghala hili lingekuwa limekwishahamia kwenye nyumba za wakubwa.

Suzani ya mama imewekwa kwenye orodha ya kuondolewa. Sababu iliyoandikwa: pungufu.

Nilimweleza Domullo Sharof kwamba jani lile liliachwa makusudi. Akavua miwani akaniambia, "Binti yangu, mke wangu anayo yenye jani kama hilo, inaning'inia juu ya kichwa changu kila siku. Mimi najua. Fomu ya mkoa ndiyo haijui. Ina nafasi mbili tu, kamili na pungufu."

Wajumbe wakacheka. Mmoja akasema hata yeye ni pungufu, meno manne hana, na bado hawajamwondoa. Yapo mengine mabaya zaidi. Mnunuzi kutoka mji mkuu ameshapita mara mbili, na kila mara alisimama mbele ya hiyo hiyo.

Nitafanya ninaloweza ndani ya kanuni.

Savri


Khujand, 4 Novemba 2001

Savri,

Kwa hiyo mgeni anaweza kuinunua, mimi siwezi kwa sababu tumezaliwa tumbo moja. Nimekuelewa. Sitakuomba tena.

Parvona anakusalimu. Amejifunza kupika pilau ya osh, wali wake bado unashikana.

Soro


Obisafed, 9 Novemba 2001
Asubuhi: theluji tangu alfajiri, mlima hauonekani.

Dada yangu,

Usikasirike, na usome mpaka mwisho. Suzani ya mama haitauzwa. Kamati imeitoa kwenye orodha leo, itabaki Obisafed. Nitakuambia ilivyokuwa, maana sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Jana makumbusho ilifungwa mchana. Nilibaki ghalani. Ninalo kopo la mama lenye mabaki ya nyuzi zake, ile hariri nyekundu aliyoipaka rangi mwenyewe kwa mizizi. Nilikaa dirishani nikalitarizi lile jani, kwa mshono wake, kufuata wino wa mchoraji. Mtu hawezi kutofautisha. Leo kamati ilipopita kukagua mara ya mwisho, Domullo Sharof aliitazama kona ile, akanitazama mimi, akaandika "kamili", akageuza ukurasa.

Najua nilichofanya. Lakini fikiri nami kwa utulivu. Ingeuzwa, ungeipoteza milele, ingetandikwa kwenye kochi la mtu asiyejua jina la mama. Hapa utakuja kuitazama ukitaka. Haitapita tena juu ya kichwa cha bibi harusi yeyote, kwa hiyo jani lile haliwezi kumfungia mtu. Kitu chenye namba hakina binti.

Mwambie Parvona nitamtafutia suzani nyingine ya kuazima, yenye jani wazi.

Mdogo wako,
Savri

Nyongeza, tarehe 11: Tilo amerudi kutoka nusu ya njia. Poromoko la theluji limefunga mlima, na wanasema ndiyo basi mpaka masika. Amenirudishia bahasha ikiwa imelowa pembeni. Naiweka.


Obisafed, 14 Mei 2002
Asubuhi: jua, mto umejaa, maua ya aprikoti yamekwisha kupukutika.

Dada Soro,

Lori la kwanza linaondoka kesho. Tilo amebeba furushi lililofungwa kwa shuka nyeupe. Ndani yake kuna suzani ya mama. Ni yako, kwa karatasi na kwa muhuri.

Hukuniambia kwamba uliwaandikia kamati. Barua yako ilikuja na gari lile lile la mwisho lililoleta barua yako kwangu, ile fupi. Ilikaa kwenye meza ya Domullo Sharof mpaka Februari, kwa sababu kamati haikuketi, hapakuwa na makaa. Walipoketi, aliisoma kwa sauti, mimi nikiwa naandika kumbukumbu. Uliwaambia mama aliacha amana, ukaweka majina ya majirani watatu walioisikia kauli yake. Wakaitwa, wakaja, wakaapa. Kanuni ni kwamba kitu ambacho makumbusho haina uhakika kwamba ilipewa kiwe chake, kinarudishwa kwa mwenyewe. Hapakuwa na ubishi. Domullo alisema ni mara ya kwanza maishani mwake kuona kanuni na haki zikiketi kwenye benchi moja.

Dada, ningejua umeandika, nisingegusa sindano.

Ndani ya kitambaa, pale katikati kwenye duara kubwa, nimeweka barua niliyokuandikia Novemba. Nakuomba uisome kabla hujakunjua. Usikunjue mbele ya watu. Baada ya uamuzi wa Februari nilijaribu kurekebisha nikashindwa, kitambaa cha chini kimezeeka, kilianza kufunguka pamoja na uzi. Kamati sikuwaambia. Mfanyakazi akibadilisha kitu cha ghala, hilo ni jambo la mwendesha mashtaka, na Domullo angekwenda pamoja nami.

Sitaweza kuja harusini. Kuna kazi ya paa.

Savri


Khujand, 2 Juni 2002

Savri,

Harusi imekwisha. Parvona yuko kwake. Nakuandikia kwa sababu shemeji yako amesema nisipoandika nitapasuka.

Tilo alifika saa ya chai, siku mbili kabla ya harusi. Nyumba ilikuwa imejaa: wakwe wanawake, majirani, na Bibi Ruzigul yule mtarizi wa mtaa wetu, ambaye nilimwita mahususi aone kazi ya mama. Barua yako ya juu niliitia mfukoni. Nani anasoma barua akiwa mkononi na furushi alilolingojea miaka tisa? Nililifungua hapo hapo. Ile bahasha yako ya ndani iliangukia kwenye sahani ya halva.

Waliisifu, Savri. Wote walishika midomo. Parvona akaiegemeza shavuni. Kisha Bibi Ruzigul akaanza kupita pindo kwa kidole, kama wanavyofanya wote, akitafuta jani. Akapita upande wa juu, wa kulia, wa chini. Akarudia. Mimi nilikuwa nacheka, namwambia, "Bibi, macho yamekwenda, ni chini kushoto." Akaniambia, "Macho yangu ni mazima. Nani ameufunga mlango huu?"

Nilifikiri ananitania. Nikainama nikatazama mwenyewe.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Mama mkwe wa Parvona aliweka piyala yake ya chai chini polepole, akasema kwamba kwao hata hivyo kuna suzani, si nzuri kama hii lakini inatosha, tusijisumbue. Wale wanawake wanne niliokuwa nimewachagua, mmoja alikumbuka mgongo unamuuma, wa pili akakumbuka mtoto. Kabla ya magharibi walikuwa wamekumbuka wote. Parvona alitolewa nyumbani kwangu chini ya kitambaa cha ukoo wa watu wengine, na kabla ya kutoka aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nilimkosea nini mama mdogo, Khola Savri?"

Barua yako niliisoma baadaye chooni, kwa sababu ndipo palipokuwa na mlango wa kufungika. Nimeielewa. Imepangwa vizuri, kama kawaida yako. Ulitaka kuokoa. Lakini niambie kitu kimoja. Ulipokosa safu ya amana ulisema huwezi. Ulipoambiwa mfanyakazi hanunui ulisema huwezi. Kwa ajili yangu hukuweza kupindisha hata nukta moja. Kwa sindano uliweza.

Yako iliyeyuka kwa unga. Mume ulimpoteza mwaka uliofuata. Mtoto hukujaliwa. Nimekuwa nikiwakataza watu miaka yote hii wasiseme kwamba jicho lako si zuri juu ya Parvona. Siku ile sikuwa na la kuwakataza.

Bibisoro


Obisafed, 12 Juni 2002
Asubuhi: joto, vumbi la barabarani.

Dada,

Nimeisoma. Nimeisoma tena leo kabla ya kazi.

Suzani yangu nayo ilikuwa na jani wazi. Mama aliliacha pembe ile ile. Ililinda nini? Davlat, mume wangu, alikufa kwa homa ambayo watu wengine waliamka nayo wakaenda kulima. Kwa hiyo niliposhika sindano nilijiambia kwamba ni uzi tu juu ya pamba, na kwamba mimi ndiye mtu anayejua zaidi kuliko wote kwamba ni uzi tu.

Unauliza kama kulikuwa na wivu. Ningependa kukuapia kwamba hakukuwa nao. Nilifanya kazi ile kwa haraka kuliko ilivyohitaji, na mkono wangu haukutetemeka. Zaidi ya hapo siwezi kuapa.

Niruhusu nije. Nitaifumua mwenyewe, polepole, hata ikichukua mwezi. Kitambaa kitaacha tundu, lakini tundu ni wazi.

Savri


Khujand, 9 Julai 2002

Kwa Kamati ya Makumbusho ya Obisafed, kupitia kwa mtunza ghala.

Mimi, Bibisoro binti Hanifa, mkazi wa Khujand, natoa kwa makumbusho yenu suzani moja, hariri juu ya pamba. Safari hii si amana. Ni zawadi, na mashahidi wametia sahihi hapa chini. Sina madai, wala mtoto wangu hatakuwa nayo.

Sitoi masharti, kwa kuwa nimeelezwa kwamba hampokei zawadi zenye masharti. Natoa maelezo tu, ambayo nadhani kanuni zenu zinayataka yawe kamili. Kazi hii haikufanywa na mtu mmoja. Fundi ni Hanifa, na baada yake Savriniso bintiye. Nawaomba majina yaandikwe yote mawili, kwa kuwa ni kweli.

Bibisoro

Savri: usije.


Obisafed, 19 Julai 2002
Asubuhi: anga safi, upepo kidogo kutoka mtoni.

Dada Soro,

Furushi limefika salama. Kwa kanuni, mtunza ghala humwandikia mtoaji kumjulisha, kwa hiyo usiichukue barua hii kuwa ya kukusumbua.

Kamati imekaa leo. Domullo Sharof aliisoma karatasi yako mara mbili. Kwenye jina la pili alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. Mjumbe yule aliyepungukiwa meno manne akauliza kama Savriniso huyo ni mimi. Nikasema ni mimi. Akauliza ni sehemu gani niliyotarizi. Nikainuka, nikaikunjua mezani, nikamwonyesha kwa kidole mbele yao wote. Hakuna aliyecheka safari hii. Mjumbe mmoja mwanamke, ambaye mwaka jana alipiga kura ya kuiondoa, alirudisha kiti chake nyuma kama vile nimemwaga maji ya moto.

Nilikuwa tayari kwa mwendesha mashtaka. Domullo akauliza kama kuna mwenye swali. Akasema kwamba kwa sasa kitu ni cha mtoaji, na mtoaji ametaja mafundi wawili bila kulalamika, basi kamati haina kosa la kuliandika. Akaniambia nichukue kalamu. Nadhani alitaka kuniokoa. Nadhani nawe ulijua angefanya hivyo.

Wakaipokea kwa kura zote. Imepewa namba mpya, ile ya zamani hairudiwi. Itaning'inizwa ukumbini kuanzia wiki ijayo, upande wa dirisha la magharibi, maana kwa sasa ndiyo suzani pekee tuliyo nayo yenye karatasi zisizo na shaka hata moja. Chini yake kutakuwa na kibao. Kibao huandikwa na mtunza ghala.

Nilikaa na daftari baada ya wote kuondoka. Aina: suzani. Ilivyopatikana: zawadi. Mtoaji: jina lako. Jina la mama liliandikika. La kwangu nililianza mara tatu kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuligusa daftari, kwa sababu daftari letu halifutwi.

Nimeliandika. Liko pale, kwa wino.

Jirani zangu wameshasikia. Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye binti yake anaolewa vuli, alikuwa ameniomba nimsaidie kuchora pindo la suzani. Leo jioni alimtuma mtu kuja kuchukua kitambaa chake, akasema wamebadili mawazo, watanunua ya dukani. Nimekikunja vizuri nikakitoa.

Mpe Parvona salamu zangu ukiona inafaa.

Savri

Naifunga barua, Tilo ataichukua asubuhi. Nalala saa tisa kasoro robo ya usiku.